Mgeni darasani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kusoma na kuandika hadithi za mwanafunzi mpya

Haya maswali yanarudi kila mara kwa watu wanaoandika hadithi za shule hapa Dar, walimu wanauliza, wazazi wanauliza, na vijana wa sekondari wenye kaunta buku zilizojaa riwaya ambazo hazijafika mwisho nao wanauliza. Pale penye mengi nimejibu kwa urefu, pasipo na mengi nimepita tu.

Kwanini hadithi nyingi za shule zinamtumia mwanafunzi mgeni?

Mgeni hajui kitu na msomaji nae hajui kitu, basi wanajifunza wote pamoja, choo kiko wapi, nani mwenye dawati la nyuma, mwalimu gani ukisikia viatu vyake unanyamaza. Inamrahisishia mwandishi kazi. Ila sababu kubwa zaidi iko kwa wenyeji. Darasa ambalo limekaa pamoja tangu la kwanza limeshagawana nafasi, kuna mchekeshaji, kuna anayeongoza kila mtihani, kuna anayeonewa, na kila mmoja ameshaizoea nafasi yake hata kama haipendi. Akiingia mtu asiyejua huo mgawanyo akaenda kukaa karibu na yule anayeonewa kwasababu tu dawati lilikuwa na nafasi, mambo yanaanza kusogea.

Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mimi ndio nasimamia hapo. Hadithi ya mwanafunzi mgeni inakamilika pale wenyeji wanapopona kitu. Nyingi ninazosoma zinamwonea mgeni kurasa kadhaa, anapata rafiki mmoja, anakuwa wa kwanza kwenye mtihani, imeisha, na darasa limebaki vilevile kama lilivyokuwa kabla hajaja. Hiyo inasikitisha kwasababu mwandishi alikuwa na watu 60 darasani akamtumia mmoja.

Mgeni wangu atoke wapi?

Wengi wanamtoa kijijini, anashuka stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis na begi la shangazi kaja anashangaa magari. Sio vibaya, kila wiki kuna mtoto aliyekuwa kwa bibi mkoani analetwa kwa mjomba wake Dar, huyo ni mtu wa kweli kabisa. Lakini kama ndio huyo basi mpe alikotoka. Usiandike "kijijini" ukaishia hapo. Mtoto wa Ujiji hawezi kushangaa bahari kama mtoto wa Dodoma, amekulia kwenye ziwa ambalo ng'ambo yake ni Kongo, anajua migebuka, anajua maji yakianza kuchafuka watu wa mitumbwi wanafanya nini, na inawezekana kabisa anaogelea kuliko darasa zima la watoto waliozaliwa Dar ambao ufukweni wanapelekwa sikukuu tu. Hapo tayari mgeni ana kitu wenyeji hawana, na hujamlazimisha kuwa na akili za ajabu.

Alafu kuna wageni ambao hawaandikwi sana na mimi natamani niwasome. Mtoto aliyekuwa shule ya kulipia Mikocheni, baba kapoteza kazi, sasa anaanza shule ya serikali Mbagala, kingereza kinamtoka vizuri lakini hajawahi kukaa watatu dawati moja na hajawahi kushika fagio la chelewa mbele ya watu. Mtoto aliyekuja na boti kutoka Zanzibar. Mtoto aliyekariri darasa, huyu shule nzima inamjua ila kwenye darasa lake jipya ni mgeni, na ni mgeni mwenye aibu. Msichana aliyerudi baada ya kujifungua, maana toka Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito warudi kwenye mfumo rasmi, sasa fikiria anakaa na watoto aliowazidi miaka miwili mitatu na saa nane mchana akili yake iko kwa mtoto aliyemwacha kwa mama yake. Hapo kuna riwaya nzima.

Na sio lazima mgeni awe mmoja. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 serikali iliwahamishia Mabwepande familia zilizokuwa bonde la Msimbazi. Jaribu kufikiria watoto wanaotoka bondeni katikati ya mji wanajikuta wote kwa pamoja kwenye maeneo ambayo bado ni pori. Nani mwenyeji hapo? Swali kama hilo likikukosesha usingizi anza kuandika.

Kwanini kahama? Ni lazima msomaji ajue?

Wewe lazima ujue. Msomaji anaweza kuchelewa kujua hata mpaka karibu na mwisho. Sababu ya kuhama ndio inayoamua mgeni anaficha nini, mtoto wa polisi aliyehamishwa kikazi na baba yake hafichi kitu, mtoto ambaye wazazi wameachana anaweza kudanganya darasa zima kwamba baba yuko safarini. Pia kuna mambo ya karatasi yanayosaidia sana hadithi, barua ya uhamisho, rekodi za maendeleo, namba ya PREM, ile ya utambulisho ambayo mwanafunzi anahama nayo. Mama anayezunguka ofisini kwa mwalimu mkuu kwasababu namba haijahamishwa huku mtoto amekaa benchi nje anawaona wenzake kupitia dirishani, hiyo ni sura ya kwanza nzuri sana.

Nianze na siku ya kwanza mstarini?

Unaweza ila fikiria mara mbili. Namba asubuhi, kufagia, mchakamchaka, kengele ya rimu ya gari, wimbo wa taifa, mwalimu wa zamu anasema "leo tuna mgeni", yote tumeshapita huko na msomaji anaweza kukumalizia sentensi. Ukianzia hapo basi lazima kitu kiende upande ambao hatukutegemea.

Mimi napenda hadithi inayoanzia njiani. Dar njia ya shule ni hadithi peke yake. Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200, konda hawapendi, anakwambia wanafunzi wawili tu, mlango unagombaniwa, na mtoto aliyetoka mahali ambapo shule unaenda kwa miguu huku mnapiga stori hajui kwamba hapa inabidi asukume. Siku ya kwanza anabaki kituoni Rangi Tatu na shati lake jeupe la kunyoosha. Siku ya pili kuna mtoto mmoja mdogo kuliko yeye anamshika mkono anamwambia "pita kwapani kwangu". Hata jina la shule hatujalisikia lakini tumeshampata rafiki yake. Au avuke na pantoni toka Kigamboni asubuhi, kila mtu kasimama, kuku, baiskeli, wafanyakazi wa ofisini, na yeye kashikilia bahasha ya uhamisho asije akailowesha.

Hadithi yangu inaanza vizuri alafu inakufa katikati, nifanyeje?

Hili ndio swali linaloulizwa kuliko yote. Mara nyingi inakufa kwasababu mgeni bado ni mgeni. Ameshangaa sura ya kwanza, ameonewa sura ya pili, sura ya tatu bado anashangaa na kuonewa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwenye hadithi ni hivyohivyo, ikifika sura ya tatu mpe kazi, mpe kitu anachokitaka na akifuate kwa mikono yake. Anataka kuingia timu ya UMITASHUMTA, ile michezo ya shule za msingi. Anataka kumtafuta kaka yake ambaye anasikia yuko Kariakoo anauza mitumba. Anataka kurudi alikotoka na anaweka nauli kidogokidogo kwa kuuza ubuyu darasani, na hapo hapo kuna mwenyeji ambaye biashara ya ubuyu ni yake toka la tatu. Ona, ugomvi umepatikana bila mtu mbaya.

Kwa shule za bweni ni rahisi zaidi, fomu ya kujiunga yenyewe mara nyingi inakuambia uje na jembe au fyekeo na rimu ya karatasi. Aliyekuja bila jembe anaazima kwa nani? Anayeazimisha anataka nini? Andika hapo.

Nani asimulie, mgeni mwenyewe au mwingine?

Mgeni mwenyewe akisimulia tunapata moyo wake, na wanaoanza kuandika wengi wanakwenda huko. Jaribu pia kumpa jirani yake wa dawati. Huyu anamwona mgeni kwa nje, anakosea kumhukumu, na kadiri anavyomjua mgeni ndivyo anavyojijua yeye. Kwa ile hoja yangu ya mwenyeji kupona, msimulizi mwenyeji anakufikisha haraka zaidi.

Kuna njia nyingine ya kutumia "sisi", darasa zima linasimulia kwa sauti moja: sisi tulimwona akiingia, sisi tulicheka, sisi hatukujua. Ni ngumu kuibeba kwa urefu ila kwenye hadithi fupi inauma sana, maana msomaji nae anajikuta ndani ya hiyo sisi.

Lugha je? Mgeni anaongea tofauti, niandikeje bila kumdhalilisha?

Hapa naomba tuwe makini. Mtindo wa kuandika kila neno la Msukuma au Mmakonde kwa kulivunjavunja ili watu wacheke unaua mhusika. Onyesha lafudhi mara moja, kwa neno moja ambalo ni lake, kisha mwache aongee kama mtu. Mfano:

"Skuli yetu ilikuwa karibu na bahari," Tausi alisema.
"Skuuuli!" Darasa zima likaangua kicheko.
Tausi alingoja wanyamaze. "Ndiyo. Skuli. Na ilikuwa na maktaba."

Neno moja limetosha, tumejua anatoka Unguja, tumejua darasa likoje, na tumejua Tausi ni mtu wa aina gani. Kurasa zinazofuata huna haja ya kurudia mchezo huo.

Jambo la pili ni kingereza. Shule ya msingi ya serikali inafundisha kwa Kiswahili, ukifika kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka kingereza, kwahiyo kila Januari kuna maelfu ya watoto ambao hata kama hawajahama mtaa wanakuwa wageni kwenye lugha. Mtoto aliyekuwa anajibu kila swali la sayansi la saba anakaa kimya fomu wani. Mwandishi anayeweza kuuandika ukimya huo vizuri ana kitu mkononi. Kwenye mazungumzo usijaze kingereza ukurasa mzima, andika anachokielewa mhusika: "Mwalimu alisema kitu kirefu, mwishoni nikasikia jina langu." Inatosha, na msomaji anatokwa jasho pamoja nae.

Uonevu niuandike kwa kiasi gani?

Kwa ukweli wake. Njuka, yaani mgeni wa kidato cha kwanza, kuchoteshwa maji na kufulishwa nguo za wakubwa bwenini ni jambo linalojulikana, kuita watu majina ya mikoa yao ni jambo linalojulikana, "we Kigoma", "we mshamba". Ninachoomba ni anayeonea nae awe na nyumbani kwao. Sisemi umtetee, nasema umjue. Na usimtume mwalimu mkuu aje kumaliza hadithi kwa viboko viwili na hotuba, msomaji mtoto anajua kabisa kwamba baada ya hotuba kuna njia ya kurudi nyumbani.

Kama unaandikia watoto wadogo acha mlango wazi wa msaada: mwalimu wa malezi, shangazi, jirani, mtu mmoja anayesikiliza. Mtoto anayeonewa kweli anaweza kuwa anaisoma hadithi yako usiku huu huu.

Mapenzi yawepo?

Kama ni sekondari yatakuwepo hata usipoyaweka. Barua, kutaniwa, kupangiana viti. Andika yale ya umri wao na uache hapo. Mhusika mwanafunzi hapelekwi kwenye mambo ya kitandani ili hadithi ipate wasomaji, sina mjadala kwenye hilo.

Nitaje shule ya kweli?

Mitaa taja, vituo vya daladala taja, shule tunga. Ukisema mwalimu fulani wa shule fulani ya kweli anachukua hela za watoto, kuna mwalimu wa kweli pale atakayeitwa ofisini. Shule ya kutunga unaweza hata kuiweka mahali pa kweli, "Shule ya Msingi Mkwajuni, nyuma ya soko la Tandika", ila hakikisha kwanza haipo yenye jina hilo maeneo hayo.

Hivyohivyo kwa stori ya rafiki yako. Mwombe ruhusa, badilisha jina, badilisha mkoa, badilisha na kile kitu kimoja ambacho mtaani kila mtu angemtambulia.

Vitu gani vya shule watu wanakosea?

Miaka. Elimu bila ada mpaka kidato cha nne ilianza 2016, kwahiyo mhusika anayefukuzwa ada ya shule ya kata mwaka 2019 anamtoa msomaji kwenye hadithi, ingawa michango mingine bado inaweza kumtesa. Mtaala mpya nao unaipeleka elimu ya msingi kwenye miaka sita badala ya saba, ukitaja darasa la saba jua hadithi yako inatokea mwaka gani. Muhula unaanza Januari ila kidato cha tano wanaripoti katikati ya mwaka, na huyu wa kidato cha tano ni mgeni mzuri sana maana wote darasani ni wageni, wametoka mikoa tofauti, wamekutanishwa na mchepuo, yaani masomo matatu waliyopangiwa, kama HGL, PCB, EGM.

Chakula watu wanapatia, mihogo ya kukaanga na pilipili, barafu za kwenye nailoni, bagia. Wanachosahau ni pesa. Mwenye 500 na mwenye 100 mapumziko yao hayafanani, na mgeni siku ya kwanza hajui kwamba kwa yule mama wa geti la nyuma unaweza kukopa.

Nawezaje kuandika hadithi hii kwa sehemu za WhatsApp au Facebook?

Simulizi za sehemu ya kwanza, ya pili, ITAENDELEA, zina wasomaji wengi na waandishi wengine wanauza mwendelezo kwa elfu moja au elfu mbili kwenye magrupu, ni kazi halali na inafundisha nidhamu ya kuandika kila siku. Shida ni kwamba kila sehemu inatakiwa iishie kwenye mshtuko, na hadithi ya mwanafunzi mgeni haiwezi kubeba ajali, uchawi na mimba kila baada ya siku mbili. Ishia kwenye swali dogo ambalo msomaji ana hamu nalo kweli. "Alifungua daftari lake akakuta mtu amemwandikia kazi yote ya hesabu. Mwandiko hakuujua." Watu watarudi kesho.

Andika sehemu tano au sita mbele kabla hujaanza kupost.

Nisome nini na wapi?

Soma hadithi za shule za Kiswahili, hata zile za zamani za ziada na kiada ambazo tulizisoma tukazisahau. Maktaba Kuu ya Taifa pale barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa 1967, ina sehemu ya watoto na unaweza kukaa siku nzima. Duka la vitabu la TPH (Tanzania Publishing House) lipo barabara ya Samora. Wauza vitabu vya mtumba wanaotandaza chini kule Posta nao usiwapite, hapo unaokota vitu ambavyo havichapishwi tena. Kama ni simu tu uliyonayo, tovuti ya African Storybook ina hadithi fupi za watoto za Kiswahili bure kabisa.

Ukisoma kwa ajili ya kujifunza, soma mara ya pili na penseli. Weka alama pale mgeni anapofanya uamuzi wake wa kwanza mwenyewe, alafu angalia ni ukurasa wa ngapi. Weka alama nyingine pale mwenyeji anapobadilika. Ukifanya hivyo kwa hadithi chache utaona mwenyewe zipi zimebeba wenyeji na zipi zimewasahau.

Mwanangu amehamishwa shule na hataki kuongea, nimsomee hadithi kama hizi?

Msomee, lakini usimwambie "ona, huyu ni kama wewe". Mwache aione mwenyewe au asiione. Soma kidogo usiku, simama mahali pazuri, umuulize kuhusu mhusika: unadhani kesho atakaa wapi? Mtoto ambaye hasemi kitu kuhusu shule yake anaweza kusema mengi kuhusu Tausi. Na akikwambia hadithi imekosea, kwamba shuleni haiko hivyo, mwombe akueleze ikoje. Hapo umeshampata.

Mimi ni mwalimu, darasa lina watoto wengi sana, nifanyeje zoezi hili?

Wape mwanzo mmoja wote, "Mlango ulifunguliwa mwalimu akiwa ubaoni", na kila dawati waandike pamoja kinachofuata. Nusu ya darasa waandike kama mgeni, nusu kama wenyeji. Wakisomeana wataona kwamba kile mgeni alichodhani ni dharau mwenyeji aliona ni aibu tu. Kama kweli una mgeni darasani usimsimamishe asimulie ya kwake, atasimulia akitaka.

Nikimaliza nipeleke wapi?

Kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, angalia tangazo la mwaka husika uone vipengele na masharti. Wachapishaji kama Mkuki na Nyota wapo hapahapa Dar, soma kwanza wanachapisha vitu gani. Hakimiliki ni yako toka ulipoandika, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, unasajili ili ukidhulumiwa uwe na ushahidi.

Imalizikeje?

Mgeni hana haja ya kuwa maarufu. Mwisho ninaoupenda ni ule ambapo anaingia mgeni mwingine, na wa kwetu analazimika kuchagua atasogea kwenye dawati au hatasogea. Ila huo nao umeanza kutumika sana, basi angalia hadithi yako inadai nini. Kama alitaka kurudi kwao, je, arudi? Akirudi, kule nako sasa ni mgeni, wenzake wameshaendelea na maisha, na hiyo unaweza kuiandika kwa ukurasa mmoja tu ikatosha.

Nani asome kwanza kabla sijaituma?

Mtoto wa umri wa mhusika wako, kabla ya mwalimu wa Kiswahili na kabla ya rafiki yako anayeandika. Mpe karatasi, sio simu, ukae mbali kidogo umwangalie anaposimama. Akimaliza usimuulize kama ni nzuri, atakwambia nzuri kwa heshima. Muulize angekaa na nani darasani humo. Akikutajia jina haraka, wahusika wako wako hai. Akifikiria sana alafu akasema "yeyote tu", rudi kwa wenyeji uwaandike upya.